Kanga za marehemu mama nimezishona mfarishi, sasa ndugu hatuelewani

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 46, mzaliwa wa Tanga, mtoto wa pili kati ya wanne. Naishi Marekani, jimbo la Kentucky, huu mwaka wa 14. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, zamu ya usiku.

Mama yetu alifariki 2021. Nilifika siku ya nne, ameshazikwa. Baada ya arobaini dada yangu mkubwa alifungua sanduku la mama akagawa kanga kwa mkono wake, huyu hizi, huyu hizi. Hapakuandikwa kitu, wala hapakuwa na ugomvi. Mimi nilipata kanga 11. Baadhi ni doti kamili, nyingine upande mmoja tu kwa sababu mwenzake ulishaishia kwenye kubebea wajukuu. Ndani yake mlikuwa na kisutu chake cha harusi, wekundu wake umeshafifia ukawa kama tofali.

Huku nimefundishwa kushona mifarishi ya viraka, ile ambayo Wamarekani huiita kwilti. Alinifundisha bibi mmoja wa miaka 78. Alikuwa akija kumtazama mumewe pale kazini kwetu, usiku mmoja akaniona narudishia kifungo cha shati la mgonjwa, akasema, "Wewe mkono wako haukai bure, njoo maktaba Alhamisi." Basi kila Alhamisi asubuhi nikitoka zamu naenda. Tuko wanawake tisa, mimi peke yangu mgeni.

Kwa asiyeijua, kazi yenyewe ni hivi: unakata vitambaa vipande vidogo, unaviunga kwa mshono wa robo inchi mpaka upate uso mzima. Chini ya uso unatandika pamba, chini ya pamba kitambaa cha mgongo, halafu unapitisha sindano kwenye matabaka yote matatu, mstari baada ya mstari. Ukikosea upana wa uzi mmoja mwanzoni, ukifika kipande cha mia kila kitu kimekwenda upande.

Kanga za mama zilikaa kabatini kwangu mwaka mzima. Nilikuwa nikitoka kazini nafungua mlango naweka uso pale, nanusa udi na mafuta ya nazi. Siku moja nikanusa nikakuta harufu ya sabuni ya Kimarekani tu. Siku hiyo ndiyo nilichukua mkasi.

Mama alikuwa msukaji wa mikeka. Nakshi aliyoipenda ni ya ngazi, inapanda kutoka pembe moja, ikifika katikati inageuka inarudi kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Niliichora kwenye karatasi ya miraba, nikaishona kwa vipande 1,200, kila kimoja inchi mbili na nusu. Kisutu ndicho kilichokuwa ile ngazi. Kanga nyingi zilikuwa zimelika katikati, kwa hiyo nilikata penye nguvu tu. Mabaki nimeyahifadhi, mfuko mzima. Mgongo nimeweka doti ya "Japo sipati tamaa sikati" bila kuikata, na pembeni nimedarizi jina la mama. Nilihesabu saa nikafika kama 600 hivi, kisha nikaacha kuhesabu.

Mwaka jana mwezi wa 10 bibi alinisukuma niupeleke kwenye maonyesho ya kaunti yetu. Ulitundikwa juu kwenye ufito, wakina mama wa kujitolea wamevaa glavu nyeupe, mtu haruhusiwi kugusa. Watazamaji walipiga kura, mfarishi wangu ukapata utepe wao. Mama mmoja alisimama mbele yake akalia, hata hajui kanga ni nini.

Tangu hapo ndipo mambo yalipoanza. Watu wanataka pateni, yaani zile karatasi zenye vipimo na maelezo, ili wajishonee wenyewe. Bibi anasema niiandike niiuze dola 12. Mwenye duka la vitambaa ameniambia atachukua nakala 40 kwa kuanzia, kwa sharti nimuachie mfarishi autundike dirishani kwake miezi mitatu. Na yule mama aliyelia anataka kuununua wenyewe kwa dola 1,500. Bibi ananiharakisha. Anasema alimwona mtu pale kwenye maonyesho anaupiga picha kwa karibu, mraba kwa mraba, na nikichelewa nitawahiwa.

Mimi kwa furaha niliweka picha kwenye status. Dada yangu mkubwa akaikuza, akaona herufi za "Nani kama mama" zimetawanyika, kipande hiki NA, kile MA. Akanitumia sauti: "Maneno ya mama umeyakatakata kama kachumbari. Kanga za marehemu kama huzivai unazitoa sadaka. Hukupewa ukazikate, uwatundikie Wazungu." Tangu mwezi wa 12 hapokei simu yangu. Kaka yeye anasema niuze haraka, pesa tugawane wote wanne kwa sababu kanga zilikuwa za mama, na paa la nyumba ya mama linavuja. Mdogo wetu wa mwisho ndiye alinichanganya zaidi. Amesema ile nakshi hata si ya mama, mama alifundishwa na mama yake mkubwa wa Pangani, kwa hiyo nikiuza nauza mali ya watu wa kule.

Shangazi, niuze au nisiuze? Nikiuza, niuze nini? Na dada yangu nimfanyeje? Watu wananiambia nimwombe radhi yaishe, lakini nikiomba radhi nitakuwa nimekiri kosa, na moyoni mwangu sioni kosa.

Mshona viraka, Kentucky

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kufiwa. Najua ni miaka imepita, lakini mtu aliyefika siku ya nne akakuta mama ameshazikwa, pole yake haiishi muda.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona ni ya biashara, ya pili nikaona ni ya mirathi. Mara ya tatu ndipo nilisimama pale kwenye mlango wa kabati, uliponusa ukakuta harufu imekwenda. Nadhani huko ndiko tuanzie, kwa sababu dada yako halijui hilo. Yeye anajua mkasi tu.

Hebu nikurudishie ulichoniambia, uone kama nimekuelewa. Una kitu kimoja ulichokitengeneza kwa mikono yako, na kila mtu anakiita kwa jina lake. Dada anaziona kanga, kaka pesa, mdogo wenu nakshi. Bibi wa Alhamisi anaona pateni, mwenye duka anaona pambo la dirisha lake. Wewe unamwona mama. Wote wanatamka neno moja, "kuuza", na kila mmoja ana kitu chake kichwani. Ndiyo maana ukimjibu mmoja, mwingine anaumia.

Kwa hiyo nikuombe tutenganishe. Mfarishi wenyewe, ule mmoja wenye kisutu, ni kitu cha kwanza. Ukiuuza umekwenda, haurudi. Pateni ni karatasi: mama wa Ohio akiinunua atashona kwa pamba ya dukani kwake, ya buluu au ya maua, na hakuna uzi hata mmoja wa kanga ya mama yako utakaotoka nyumbani kwako. Nakshi ni kitu cha tatu, ilikuwepo kabla yako na kabla ya mama. Umeuliza "niuze au nisiuze" kana kwamba ni swali moja. Mimi nayaona matatu, na huenda majibu yake yasifanane.

Nianze na dada, maana ndiye anayekunyima usingizi.

Umechukulia kwamba hasira yake ni ya kuuza. Nisikilizie vizuri ile sauti yake tena, kama hujaifuta. Pesa hajaitaja. Ametaja maneno kukatwa, sadaka, na kutundikwa mbele ya watu. Huyu ndiye aliyefungua sanduku. Wewe ulikuwa njiani na vyombo vya anga, yeye alikuwa na mama kitandani, na baada ya arobaini ni mikono yake iliyokunjua kanga moja moja na kuamua hii ya nani. Kisutu cha harusi alikupa wewe uliye mbali, na angeweza kukibakiza kwake. Halafu siku moja anafungua simu anakikuta kimekuwa vipande, na amekiona pamoja na majirani na wateja wa duka la kona, wote kwa wakati mmoja. Sisemi umekosa kukata. Najiuliza tu kama kilichomchoma ni mkasi, au ni kujua mambo pamoja na watu wa status.

Kuna kisa nataka ukijue, ukipata nafasi umsimulie naye. Huko huko Marekani, Alabama, kuna kijiji kinaitwa Gee's Bend, cha Waamerika Weusi wanaoshona mifarishi vizazi na vizazi kwa nguo kuukuu. Mwaka 1942 mwanamke wa pale, Missouri Pettway, alikuwa ametoka kufiwa na mumewe. Akamwita binti yake Arlonzia, wakachukua nguo za kazi za marehemu, suruali na mashati yaliyochakaa magotini na viwikoni, wakazikata wakashona mfarishi. Binti alikuja kueleza baadaye kwamba mama yake alitaka wa kumkumbukia mumewe, na wa kujifunika kwa mapenzi. Waliokata nguo ile ndio waliompenda aliyeivaa. Hukuiga mtu, mwanangu, lakini hukuwa wa kwanza pia, na nadhani dada yako angepumua kidogo akijua hivyo.

Hoja yake ya sadaka usiidharau. Kwetu nguo ya marehemu kutolewa ni jambo jema, na yeye ana haki ya kulisema. Mimi mwenyewe nina doti moja ya mama yangu ambayo sijaivaa wala kuitoa, iko chini kabisa ya sanduku, na kila Ramadhani nasema mwaka huu nitaitoa. Kwa hiyo simhukumu yeye, na wewe sikuhukumu.

Kuhusu radhi: unaogopa kwamba ukiomba umekiri kosa. Lakini kuna radhi ya kukata, na kuna radhi ya kutosema. Unaweza kumwambia, "Dada, ningekupigia kabla sijaweka picha, hilo nisamehe," bila kutamka kwamba kazi ya saa 600 ilikuwa kosa, kwa sababu huamini hivyo na yeye atasikia kwenye sauti yako kwamba huamini. Hatari yake ipo: anaweza kuchukua hiyo radhi ndogo akataka kubwa. Ukimya nao una hatari yake, kwamba yeye atazidi kuitazama picha ile ile.

Sasa tuje kwa kaka. Anasema kanga zilikuwa za mama kwa hiyo pesa ni za wote. Zilikuwa za mama, kweli, mpaka siku ile dada alipozigawa na kila mmoja akachukua zake. Yeye zake alipeleka wapi? Naulizia tu. Sikushauri umuulize hivyo kwa simu, maana mtapigana. Ninachotaka uone ni kwamba paa linalovuja ni jambo la kweli, linahitaji mchango, na unaweza kuchangia paa bila mfarishi kuingia kwenye hesabu. Ukiyaacha mambo hayo mawili yashikane, siku ukikataa kuuza utaonekana umekataa paa.

Na hizo dola 1,500. Gawanya kwa saa 600: dola mbili na nusu kwa saa. Nadhani zamu yako ya usiku inakulipa zaidi ya hapo. Simsemi vibaya yule mama, aliyelia mbele ya kazi yako ana moyo, na huenda ndizo alizonazo. Nakwambia tu usidanganywe na ukubwa wa namba ukishaizidisha kwa shilingi.

Kuna mwanamke mwingine nataka umfahamu kabla hujampa mtu jibu. Harriet Powers alizaliwa utumwani Georgia mwaka 1837. Mwaka 1886 alipeleka mfarishi wake kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens, umeshonwa visa vya Biblia katika sehemu 11. Mwalimu mmoja wa sanaa, Jennie Smith, aliuona akautaka pale pale. Harriet akakataa, kwa bei yoyote. Miaka kama minne au mitano baadaye hali ikawa ngumu nyumbani, akaupeleka mwenyewe. Aliomba dola 10, akapewa 5. Lakini kabla hajaondoka alimweleza mnunuzi kila sehemu ina maana gani, na mnunuzi akaandika. Baadaye alirudi mara kadhaa kuutazama, kama mtu anayekwenda kumjulia hali mtoto aliyemwozesha. Mfarishi huo leo uko kwenye makumbusho ya taifa ya historia, Smithsonian, Washington, na tunajua maana ya zile picha kwa sababu alisimama akaeleza.

Nimekusimulia kwa sababu mbili zinazovutana. Ya kwanza, kuuza kulimuuma, hata kwa mtu aliyekuwa na sababu zote za kuuza. Ya pili, kazi yake ingebaki nyumbani huenda leo isingekuwepo kabisa. Mimi siwezi kukuchagulia hapo. Ila ukifika siku ya kuuza, yule mama wa dola 1,500 atakuruhusu uje kuutazama? Atakubali kuandika ulichomweleza? Ungependa kumuuliza hayo kabla ya kuuliza bei.

Kwenye pateni naona njia iko wazi zaidi, lakini nayo ina mawe yake.

Haraka ya bibi yako naielewa, anakupenda na amekuona unaogopa. Ila jambo la kuwahiwa linahitaji kutazamwa vizuri. Sheria ya haki miliki ya huko mliko hailindi namna ya kushona, wala umbo la kale kama mraba au ngazi. Inalinda maandishi yako na michoro yako, maneno uliyoyapanga kumwelekeza mtu akate hivi, aunge hivi. Maana yake ni kwamba aliyepiga picha anaweza kukaa akaiga ngazi, na huenda usimzuie. Lakini pia kuwahiwa hakukunyang'anyi cha kwako. Yeye hataandika ulichokijua kwa saa 600: kanga ni nyepesi kuliko pamba ya dukani kwao, huvutika ukiikata kwa mshazari, na ya zamani yahitaji kulowekwa kwanza ionekane kama inachuja rangi. Kwa hiyo usikubali kukimbizwa. Ukiandika kwa pupa ukakosea kipimo kimoja, wanunuzi 40 watakata kitambaa chao vibaya, na jina lako ndilo litakalotajwa. Una wanawake wanane pale maktaba. Wape watatu wao karatasi zako, washone bila kukuuliza neno, wewe kaa kando utazame wanakwama wapi.

Sharti la mwenye duka ndilo lililonitisha kuliko yote. Miezi mitatu dirishani! Makumbusho hutundika mifarishi kwa zamu, kisha huilaza gizani, kwa sababu mwanga hula rangi. Kisutu umesema mwenyewe kimeshafika rangi ya tofali. Kikipigwa jua la dirishani majira mazima ya kiangazi utachukua nini baada ya hapo? Labda mwenye duka hajui. Wafanya biashara wengi ukiwaeleza hukubali kingine: unaweza kushona mdogo wa mfano kwa vitambaa vya dukani kwake mwenyewe, ambao ndio utakaomsaidia kuuza zaidi, maana mteja anataka kuona kitakavyokuwa kwa vitambaa anavyoweza kununua pale pale. Akikataa hilo na kung'ang'ania wenye kanga za mama, hapo utakuwa umejua anachokitaka hasa. Na kama utauachia mahali popote, iwe duka au maonyesho, muombe mthamini authaminishe kwanza na yawepo maandishi kwamba ukiharibika au kupotea nani analipa.

Mdogo wako wa mwisho alikuchanganya, mimi amenifurahisha. Ndiye pekee aliyeuliza nakshi imetoka wapi. Kisheria hakuna wa kukushika, ngazi ya mkeka imesukwa pwani nzima na haina mwenyewe. Lakini wewe hukuniuliza sheria, umeniuliza kitu kinachokusumbua. Wale wanawake wa Gee's Bend niliokutajia wana umbo wanaliita Housetop, kila nyumba inalishona, hakuna anayesema ni langu. Wakati wote likiwa la kijijini halikuleta neno. Mifarishi yao ilipopata sifa, ikatundikwa kwenye makumbusho makubwa, ikachapwa kwenye stempu za posta mwaka 2006 na michoro yake kuwekwa kwenye bidhaa za kuuzwa, maneno yakaanza. Mwaka 2007 baadhi yao walikwenda mahakamani wakisema hawakupata haki yao, na mwaka uliofuata wakamalizana kwa makubaliano. Kitu cha wote huanza kuulizwa mwenyewe pale pesa inapoingia.

Huko Pangani kuna mtu bado anaisuka? Umewahi kuuliza nakshi ile inaitwaje? Nakshi za mikeka zina majina, na sidhani kwamba hiyo haina. Nakuuliza kwa sababu ukurasa wa kwanza wa pateni yoyote nzuri hueleza ilikotoka, na fomu za maonyesho huuliza pia umechukua kwa nani. Ukiandika "nakshi hii nilimwona nayo mama, naye alifundishwa na mama yake mkubwa, Pangani", umesema kweli na hujapoteza senti. Kama utaona vema sehemu ya zile dola 12 iende kwa msukaji aliyeko huko, hilo ni lako na mdogo wako kulizungumza. Linaweza pia kuleta kelele mpya, kwa nini fulani na si fulani, kwa hiyo lipime. Usiliahidi kabla ya kujua utauza nakala 40 au 4.

Nakusihi pia ujiulize jambo ambalo hakuna aliyekuuliza: wewe unataka nini? Kwenye barua nzima umenieleza bibi anataka, kaka anataka, duka linataka. Mahali pamoja tu umesema cha moyoni, kwamba huoni kosa. Inawezekana unataka kuuona umetundikwa tena, mahali pakubwa zaidi. Paducah iko hapo hapo Kentucky, mji ambao kila mwaka wapenzi wa mifarishi hukusanyika na una makumbusho yake ya mifarishi tangu 1991. Inawezekana pia unataka kulala chini yake tu, baridi ya mwezi wa kwanza ikiingia. Mfarishi wa kujifunika ukijifunika haujapotea.

Na ule mfuko wa mabaki usiufungie kabatini. Kwa hesabu yangu ya haraka, vipande 1,200 vya inchi mbili na nusu havimalizi hata theluthi ya kanga 11, na hata ukitoa doti ya mgongo na palipolika kumebaki kitambaa. Sisemi umshonee dada yako ili kumnunua, ataona na atakasirika zaidi. Labda umuulize kama anataka kisutu kilichobaki arudishiwe kilivyo, bila kushonwa. Anaweza kusema hataki. Angalau mara hii atakuwa ameulizwa.

Mpigie mchana wa huko, akiwa amekaa. Kama hapokei, mpitie mdogo wenu aende na simu yake mpaka sebuleni. Usianze na pateni wala bei. Mueleze ile siku ulipofungua kabati ukakuta harufu imekwenda. Kisha utandaze mfarishi kitandani, ugeuze, umuoneshe mgongo. Picha aliyoiona ilikuwa ya uso tu. Hajui kwamba upande wa pili kuna doti nzima ambayo mkasi haujaigusa, maneno yake yanasomeka mwanzo hadi mwisho, na pembeni pana jina la mama.

Niandikie tena.

Shangazi